Moshi Uko Wapi? Mwongozo wa kuchuja habari za maandamano ukiwa mwisho wa reli

Jumatatu ya Novemba 3, 2025, simu yangu ilianza kutetemeka juu ya benchi la kahawa pale Ujiji na haikutulia kwa karibu robo saa. Intaneti ilikuwa imerudi. Ilizimwa Jumatano ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalipozuka Dar es Salaam na miji mingine, na siku zote hizo sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tuliishi kwa simu za kawaida, redio na maneno ya abiria. Sasa vya siku tano vilimwagika kwa mkupuo: video, picha, sauti za dakika nane nane, na ule mstari wetu maarufu, "kama nilivyoipokea".

Wazee wa kijiwe walikuwa wameshakubaliana tangu asubuhi kwamba vyombo vya habari vyote vimenunuliwa na hakuna wa kumwamini. Hazikupita dakika kumi, mzee mmoja ambaye si rahisi kumdanganya hata kwenye bei ya samaki wa mgebuka akaweka simu sikioni, akasikiliza sauti ya mtu asiyejitaja jina, kisha akatangaza: "Haya, mwanangu, ukweli ndio huu." Sauti ilidai kwamba usiku askari wamezingira mwalo mmoja wa wavuvi kusini mwa mji na kuwapakia vijana wote kwenye karandinga. Nikamwuliza, "Mzee wangu, huyu anayeongea ni nani?" Akanitazama kama niliyemwuliza jina la mvua.

Mwongozo huu umetoka kwenye benchi lile. Siandiki ili uviamini vyombo vya habari. Vingi vimejitahidi sana kukufundisha usiviamini. Ninachoomba ni ubadilishe swali. Badala ya kuuliza chombo gani ni cha kweli, uliza kwa kila sentensi: nani alikuwa amesimama pale? Kituo kilekile kinaweza kusema kweli kuhusu bei ya mafuta saa mbili kamili na kuruka mtu aliyepigwa risasi saa mbili na nusu. Na anayekitukana kituo hicho mtandaoni anaweza kuwa mwongo kuliko chenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta macho kabla mtandao haujazimwa

Ukisubiri siku yenyewe umechelewa. Chukua karatasi (simu hupotea, huisha chaji, huchukuliwa) uandike namba za watu kumi au kumi na tano unaowajua kwa sura, wanaoishi sehemu mbalimbali. Usichague wenye maoni mazuri. Chagua ambao kazi yao inawalazimisha kutazama barabara: wakala wa tiketi stendi, anayejua basi lipi limeondoka na lipi limerudishwa njiani, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, anayepigiwa na wenzake wa mialo mingine, binamu mwenye duka Mbagala, shemeji anayeendesha lori la Isaka, mwalimu Kasulu.

Siku ikifika, usiwaulize "hali ikoje huko?" Swali hilo humfanya mtu akupe redio mbao ya mtaa mzima, akichanganya na aliyoyasikia kwa jirani yake ambaye naye kasikia kwako. Uliza swali la kitoto: "Wewe mwenyewe, hapo ulipo, unaona nini sasa hivi?" Utasikia kimya kidogo, kwa sababu mtu anakwenda dirishani. Atakachosema baada ya kimya kile ndiyo habari. Mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyotarajia: maduka yamefungwa, pikipiki mbili zimepita, gari moja la polisi limesimama kwa mangi kona. Kiandike na saa yake.

Kuna mmoja usimpigie: muuguzi. Kila mtu humpigia muuguzi kuuliza maiti ni wangapi. Unamtia matatani na jibu lake hutaweza kulitumia.

Nunua pia redio ya betri. Hapa kwetu, ukiwa kilimani, unaweza kunasa hadi vituo vya ng'ambo ya ziwa, na kusikia tukio moja likisimuliwa kwa namna tatu ni shule tosha. Lakini usifikiri redio ya nje haina mwenyewe. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, ambayo baba zetu walilala nayo kitandani, ilinyamaza Machi 2025, na aliyeinyamazisha hakuwa TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ni serikali ya Washington iliyokuwa ikiilipia.

Hatua ya 2: Ujue ukimya umetoka wapi

Siku ile ya Oktoba 29 redio niliyokuwa nikiisikiliza ilipiga muziki. Ilipiga muziki, ikasoma matokeo ya mpira, ikarudi kwenye muziki, na wakati huo dada yangu alikuwa chini ya kitanda Dar, akinipigia kwa kunong'ona. Nilikasirika kama wengine. Ila hasira haikwambii kilichomfunga mdomo mtangazaji, na kujua hilo kuna faida, kwa sababu kila aina ya ukimya inasomwa kivyake.

Upo ukimya wa woga, na woga huo una kumbukumbu. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa, akiwa kazini wakati polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016, kwa kuua bila kukusudia. Mwandishi yeyote wa mkoani mwenye umri wa kutosha ana picha ile kichwani, Mwangosi katikati ya askari, na huikumbuka anaposikia bomu la machozi la kwanza.

Upo ukimya wa leseni. Mwaka 2017 pekee magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications, kisa video ya katuni iliyogusa suala la watu kutekwa na kupotea. Mei 2025 mtandao wa X ukazimwa nchini. Septemba, JamiiForums ikafungiwa siku 90. Mhariri anayekaa mezani na orodha hiyo haihitaji kupigiwa simu na mtu. Anajikata mwenyewe. Wenzetu Wakenya walipigiwa kabisa: Juni 25, 2025 mamlaka yao ya mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, mitambo ya NTV na KTN ikazimwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku hiyohiyo. Ukilinganisha, utaona kilichotofautiana ni kwamba kule vituo vilianza kwanza kurusha.

Na upo ukimya wa kukosa mtu. Huu wengi hawaujui. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotoka. Nauli ya kwenda Kakonko kuthibitisha uvumi ni yake. Habari ya uhakika ni ile ya kamanda wa polisi wa mkoa: anaita waandishi, anasoma taarifa, inatoka jioni. Ukimkera leo, kesho huitwi, na wiki ijayo hujala. Bahasha ya khaki sitaieleza, unaijua. Kwa hiyo unaposema "wamenunuliwa", wakati mwingine ukweli ni wa aibu zaidi: hakuna hata aliyewalipa nauli.

Mtego wa ukimya ni huu: "Hawajatangaza, kwa hiyo ni kweli." Hapana. Kutotangazwa hakuthibitishi kitu chochote. Burundi ilitufundisha hilo mlangoni kwetu. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13, redio za Bujumbura zilichomwa na kubomolewa ndani ya siku mbili: RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance, na upande wa pili Rema FM, iliyoegemea serikali. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia tangu Aprili, lakini sasa walikimbia bila redio. Makumi ya maelfu walijazana kijijini Kagunga, ufukweni, kipindupindu kikawakuta palepale, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta bandarini Kigoma. Nakumbuka mama mmoja pale uwanja wa Lake Tanganyika, redio yake ndogo ameifunga kwenye kanga pamoja na nguo za mtoto, akiwasha kila saa moja. Ilikuwa inatoa chafya tu. Baadaye waandishi wa Burundi waliokimbilia uhamishoni walianza kutuma taarifa kwa WhatsApp, na wasikilizaji waliwatambua kwa sauti, kwa majina, kwa miaka ya kuwasikia. Hiyo ni sauti ya WhatsApp yenye mwenyewe. Ile ya mzee wangu haikuwa na mwenyewe.

Hatua ya 3: Shika kalamu nyekundu usome maneno

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hata habari iliyobanwa husema mengi kwa mtu anayejua Kiswahili. Nimetunga mfano, lakini umeshausikia mara mia:

"Jeshi la Polisi linawashikilia watu 14 kwa tuhuma za kufanya vurugu na kuharibu mali. Kijana mmoja amefariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali baada ya kujeruhiwa katika purukushani hizo. Hali kwa sasa ni shwari na wananchi wametakiwa kuendelea na shughuli zao."

Kwanza, pigia mstari kila kitu ambacho mwandishi alikiona mwenyewe. Kalamu yako haitagusa karatasi. Habari nzima imetoka kwenye mdomo mmoja, na mdomo huo ni wa mhusika. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha umesoma barua ya polisi iliyopigwa muhuri wa gazeti.

Pili, tafuta "na" iliyopotea. Kiswahili ni lugha ya haki: kitenzi cha kutendwa kinadai kiambiwe nani katenda. Kijana "amejeruhiwa" na nani? Kwa kitu gani? "Alipigwa risasi" na nani? Watu "walitawanywa" na nani, kwa mabomu ya machozi, maji ya kuwasha au risasi za moto? Kila "na" iliyokosekana iwekee alama ya kuuliza pembeni. Mimi nikikuta tatu kwenye aya moja najua aliyeandika alikuwa anakanyaga mayai.

Tatu, angalia jina walilopewa watu. Waandamanaji, wananchi wenye hasira, vijana, wahalifu, magenge. Maandamano, vurugu, ghasia, purukushani. Gazeti likianza na "maandamano" asubuhi na kufika "vurugu" jioni bila kueleza kilichobadilika katikati, kilichobadilika ni simu iliyopigwa. "Watu wasiojulikana" nao wana tabia ya kujulikana na kila mtu isipokuwa msomaji.

Nne, "linawashikilia" tangu lini? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24 za kumfikisha mahakamani aliyekamatwa bila hati. Kwa hiyo habari ya leo inakudai habari ya kesho kutwa: mahakama gani, shitaka gani, majina. Isipokuja, hiyo nayo ni taarifa, na unaweza kuiandika kwenye daftari lako kwa tarehe.

Tano, "shwari". Neno letu la ziwani hili, wamelichukua wakalifanyia ofisi. Ziwa likiwa shwari alfajiri, hakuna mvuvi anayeapa kwamba saa nane itakuwa hivyo, wala kwamba Kalemie, ng'ambo kule Kongo, kuko hivyo. Ukisikia hali ni shwari, uliza wapi, saa ngapi, na aliyesema alikuwa amesimama upande gani wa barabara.

Kalamu hiyohiyo igeuzie upande wa pili. "Wanaua watu kama kuku." "Mamia wamekufa usiku huu." "Sambaza kabla hawajafuta." Hapa pia tafuta aliyekuwa pale, tafuta "na", tafuta saa. "Tumepata taarifa" ya mwanaharakati haina uzito kuliko "inadaiwa" ya gazeti. Zote mbili zinamaanisha: sikuwepo.

Hatua ya 4: Video — angalia pembeni, usitazame moto

Mpwa wangu aliniletea video, moshi mweusi, matairi, watu wanakimbia. Maandishi juu yake: "MWANDIGA SASA HIVI". Mwandiga ni pale tu, ungefika kwa bodaboda kabla video haijaisha. Lakini twende taratibu kama nilivyofanya naye.

Nilimwambia azime sauti na aache kutazama moto. Moshi wote duniani unafanana. Tazama pembeni. Sekunde ya nne gari dogo linapita, liko upande wa kulia wa barabara na dereva amekaa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto. Burundi, Kongo na Rwanda wanaendesha kulia. Kwa mtu wa Kigoma hicho ndicho kipimo cha kwanza, kwa sababu nusu ya video za fujo zinazotufikia zimevuka mpaka au ziwa. Sekunde ya tisa kuna kibao ukutani, herufi za kijani: *Pharmacie*, Kifaransa cha duka la dawa. Mpwa akacheka, akafuta. Hatukujua ni mji gani wala mwaka gani, na hatukuhitaji. Swali lilikuwa Mwandiga, na Mwandiga haikuwa.

Ikipita kipimo hicho, endelea. Namba za magari: zetu huanza na T, tarakimu tatu, herufi tatu, pikipiki MC, za polisi PT. Vibanda vya wakala wa pesa vina rangi na majina ya kampuni za nchi husika. Sikiliza lafudhi sasa, washa sauti: anayepiga kelele anasema "tokeni", "mtoke" au anaongea Sheng ya Wakenya? Sare za wanafunzi, aina ya bajaji, mabango ya wagombea.

Kisha jua. Dar iko mashariki yetu mbali, na jua linazama huko kama dakika 40 kabla ya Kigoma. Mwishoni mwa Oktoba, saa 12:30 jioni Dar jua limeshazama na giza linaingia, wakati sisi bado tunaliona juu ya milima ya Kongo. Video yenye vivuli virefu vya jua inayodaiwa kupigwa Dar saa hiyo ina maswali ya kujibu. Kumbuka pia kwamba saa ya Bujumbura iko nyuma yetu kwa saa moja.

Kama una bando, piga picha ya skrini mahali penye kibao, jengo au mnara, kisha itafute kwa Google Lens au TinEye. Usitafute kwa picha ya moshi, utaletewa moshi wa Ulaya. Ukikuta picha ileile imewekwa mwaka 2020, kazi imeisha. Usipoikuta, hujathibitisha kitu, umeshindwa tu kuikanusha. Usijisumbue kutafuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha iliyokuja kwa WhatsApp, maana programu ile huzifuta inapobana picha. Ukimpata aliyepiga, mwombe aitume kama faili la hati.

Za kutengenezwa na kompyuta siku hizi zinapendeza mno. Tazama maandishi ya mabango yaliyo nyuma, vidole, na watu wanaoingia nyuma ya nguzo wasitokee upande wa pili. Siku si nyingi hata hivyo havitasaidia, ndiyo maana nasisitiza macho ya Hatua ya 1.

Hatua ya 5: Sauti — fuata mnyororo

Sauti inatushika kuliko video kwa sababu ina pumzi, ina kilio, na mara nyingi ina lafudhi ya nyumbani. Ukiona mishale miwili juu yake, imepita mikono mitano au zaidi. WhatsApp yenyewe inakwambia. Aliyeongea yuko mbali nawe kuliko unavyohisi.

Nilikaa na mzee tukafuata ile yake. Yeye alitumiwa na mpwa wake Kasulu. Tukampigia: alitumiwa na mwalimu mwenzake Kibondo. Tukampigia mwalimu, naye kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, mimi nimeikuta kwenye grupu la watu mia mbili." Mnyororo ukakatikia hapo. Kisha nikampigia mchuuzi wangu wa dagaa, ambaye shemeji yake anaanika dagaa kwenye mwalo uleule uliotajwa. Akanipa namba. Yule shemeji akasikiliza swali langu lote, kimya cha dirishani, akajibu: "Kaka, mimi nimesimama hapa tangu saa kumi na mbili nageuza dagaa. Vijana wamerudi, wamelala, walivua usiku kucha. Gari lililoingia ni la barafu." Dakika ishirini, shilingi mia nane za salio.

Mnyororo usipofika kwa mtu mwenye jina, mahali na saa, sauti ile igeuze kuwa swali la kuuliza wengine. Usiirushe kama jibu.

Hatua ya 6: Idadi ya waliokufa

Oktoba 31, 2025 msemaji wa CHADEMA aliliambia shirika la habari la AFP kuwa waliouawa ni kama 700. Siku hiyohiyo ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia taarifa za kuaminika za vifo vya watu wasiopungua 10. Serikali, kupitia waziri wa mambo ya nje, ilikana kwamba nguvu kupita kiasi ilitumika. Kijiweni kila mtu alichagua namba kama anachagua timu.

Soma neno lililo mbele ya namba. "Wasiopungua 10" ni sakafu, yaani hao ndio waliopatikana kwenye taarifa za kuaminika hadi saa ile, mtandao ukiwa umezimwa. Hakuna aliyesema ni 10 tu. "Kama 700" ni jumlisho la mtandao wa chama kutoka hospitali na mikoa, na anayejumlisha simu za watu wengi anaweza kuhesabu maiti mmoja mara mbili, au kukosa kabisa waliozikwa kimya. Namba mbili hizi zinaweza kuwepo pamoja bila mmoja wao kuwa mwongo. Anayekataa kutoa namba yoyote, huyo ndiye wa kuulizwa kila siku. Tume ya uchunguzi iliundwa Novemba chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman; ripoti ya namna hiyo isome kwa kalamu nyekundu ileile, ukitafuta walivyohesabu kabla hujaangalia walichopata.

Hatua ya 7: Kabla kidole hakijabonyeza

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Neno "akijua" liko pale kukulinda, ila kulithibitisha ukiwa mahabusu ni kazi nyingine.

Nyuso. Video ya kijana anayerusha jiwe inaweza kuwa ushujaa kwako na kitambulisho kwa anayemtafuta. Maiti ana mama, na mama yake ana simu.

Usifute chenye thamani, lakini. Nakili faili la asili kwenye kadi ya kumbukumbu, andika nani alikupa, lini, wapi, uweke mahali. Vitu vya namna hiyo hutafutwa miezi mingi baadaye, wakati waliokuwa wakivisambaza kwa fujo wameshabadilisha simu.

Hatua ya 8: Kama wewe ndiye uliyekuwa pale

Kaa chini saa hiyohiyo uandike ulichoona kabla hujaongea na mtu, maana ukishasimulia mara tatu utakuwa umeshaongeza. Ulisimama wapi, hatua ngapi kutoka tukio, ulisikia nini, uliona nini. Tenganisha viwili hivyo. Mlio wa bunduki uliousikia haukuonyeshi aliyepiga.

Kisha mtafute mwandishi, hata yule unayemdharau. Mpe kitu anachoweza kutumia: saa, mahali, mashahidi wawili walio tayari kutajwa au angalau kuonwa. Mwandishi wa mkoani aliyeshindwa kutoa habari leo huwa ameiweka. Usimpige wala kumnyang'anya kamera kwa kosa la bosi wake. Nimeona waandishi wakizomewa na vijana upande huu na kusukumwa na askari upande ule ndani ya nusu saa. Chombo kikikuandika vibaya, Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa 1995, hupokea malalamiko na kusuluhisha. Peleka nakala ya habari na maelezo yako kwa maandishi.

Hatua ya 9: Ulishasambaza uongo, sasa?

Irudishe kwa njia ileile. Kama ulituma sauti, tuma sauti. Kama ni grupu nne, zote nne. Usiandike "samahani kwa usumbufu". Taja uongo ulikuwa upi, umejuaje, na nani aliyekuwepo.

Mzee wangu alikubali, ingawa alimaliza vikombe viwili kwanza. Akashika simu mbele ya mdomo kama kipaza sauti: "Jamaa zangu, ni mimi mzee wenu wa Ujiji. Ile sauti ya vijana wa mwaloni niliyowatumia mchana, sijui ni ya nani. Tumempigia mtu aliyesimama palepale, anageuza dagaa. Gari lililoingia ni la barafu." Akatuma kwenye magrupu yote matatu, akaweka simu benchini, akaisubiri.

Wawili walijibu kwa kidole gumba. Wanne waliomba awatumie ile sauti ya kwanza, hawakuwa wameisikia.